Dawa ya Mapenzi Machoni pa Asiyehusika

Onyesho la A Midsummer Night's Dream nililolitazama hivi karibuni lilichukua karibu saa mbili na nusu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo waigizaji walifanya jambo ambalo wengi hulikwepa wanapoigiza futuhi: walipenda kwa dhati. Tamthilia hii, ambayo Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1595 au 1596 na ikachapishwa mara ya kwanza mwaka 1600, imejaa makosa ya kichawi kiasi kwamba ni rahisi kundi la waigizaji kuigeuza yote kuwa mzaha, wapenzi wakawa wanakimbizana tu jukwaani na watazamaji wakacheka bila kujali nani anampenda nani. Kundi hili halikuteleza hapo, na ndiyo maana nalisifu kabla sijataja dosari zake.

Kisa kinaanzia Athens, ambako Egeus anamshtaki binti yake Hermia mbele ya mtawala Theseus kwa kumkataa Demetrius, mchumba aliyemchagulia, na kumpenda Lysander. Sheria inampa binti njia tatu tu: aolewe na Demetrius, auawe, au aishi utawani maisha yake yote. Mwigizaji wa Hermia aliyasikiliza maneno hayo akiwa amesimama wima, bila chozi, na ukimya wake ulitosha kueleza kwa nini usiku unaofuata anatorokea msituni na Lysander, huku Demetrius akiwafuata, naye Demetrius akifuatwa na Helena ambaye anampenda bila kupendwa.

Msituni ndiko onyesho lilikonipendeza zaidi. Oberon, mfalme wa majini, amegombana na mkewe Titania, na anamtuma Puck, mtumishi wake, akalete ua ambalo maji yake, yakipakwa kwenye kope za aliyelala, humfanya ampende kiumbe wa kwanza atakayemwona akiamka. Anamwagiza pia ampake kijana mmoja anayemdharau mpenzi wake, na alama pekee anayompa ni kwamba kijana huyo amevaa mavazi ya Athens. Lysander naye amevaa mavazi ya Athens. Amelala mbali na Hermia kwa sababu Hermia mwenyewe amemwomba asogee, kwa kuwa bado hawajaoana. Mwongozaji aliwalaza wapenzi hao kila mmoja kwenye ukingo wake wa jukwaa, kisha Puck akaingia na taa ndogo, akamwangalia msichana, akaipima nafasi iliyowatenganisha kwa hatua tisa alizozihesabu kimya kimya, akatikisa kichwa kwa huruma, ndipo akapaka dawa kwa ncha ya kidole cha mwisho. Katika hatua zile tisa tulimwona akikosea kwa nia njema kabisa. Uungwana wa Lysander ndio uliomponza, kwa maana Puck aliuona kuwa ukatili.

Lysander anaamka na kumwona Helena kwanza, kisha Oberon, akitaka kulirekebisha kosa, anampaka Demetrius naye, na matokeo yake yanafika kileleni katika sehemu ya tatu, pale wanaume wote wawili wanapomwapia Helena mapenzi, naye anaamini kwamba wamekula njama kumdhihaki. Watazamaji walicheka sana Hermia alipodhani kwamba anasimangwa kwa ufupi wake, lakini Helena alipomkumbusha jinsi walivyokuwa wakiketi juu ya mto mmoja wa kukalia wakitarizi ua moja na kuimba wimbo mmoja, kicheko kilikatika. Nimewahi kuona mandhari hii ikiigizwa kwa mayowe mwanzo hadi mwisho, na nilisahau kabisa kwamba urafiki wa miaka mingi unavunjika mbele yetu.

Titania na Bottom, mfumaji aliyegeuzwa kichwa kuwa cha punda, walipita vizuri, hasa kwa kuwa maleba yalikuwa masikio na manyoya machache tu, hivyo uso wa mwigizaji ulibaki wazi. Hata hivyo, hapo ndipo penye dosari kubwa. Hotuba ndefu ya Titania, anapoeleza jinsi ugomvi wake na mumewe ulivyofurisha mito, ukaozesha nafaka mashambani na kuyachanganya majira ya mwaka, ilikatwa ikabaki mistari michache, na bila hotuba hiyo mchafuko wa mapenzi unakosa chanzo, ukaonekana kama bahati mbaya ya usiku mmoja. Muziki wa Mendelssohn, mtunzi wa Kijerumani, wenye ule wimbo wa maandamano ya harusi wa mwaka 1842 unaojulikana kila mahali, ni mzuri mno, lakini ulipigwa kwa sauti ya juu hata ukayameza maneno ya Oberon mara mbili.

Jambo moja walilolitendea haki ni hali ya Demetrius. Lysander anaondolewa dawa, ilhali Demetrius haondolewi kamwe. Anamwoa Helena macho yake yakiwa bado na maji ya ua. Maonyesho mengi hulipitia hili juu juu. Hapa, Demetrius alipokuwa akimweleza Theseus kwamba haelewi ni nguvu gani iliyomgeuza moyo, aligusa kope yake taratibu, kisha akaendelea kusema. Helena aliliona tendo hilo, nasi tulimwona akiliona.

Mchezo ambao mafundi wa Athens wanauigiza mwishoni kwenye harusi, kisa cha wapenzi Pyramus na Thisbe, ulistahili makofi yote ulioyapata. Snug, aliyepewa nafasi ya simba kwa sababu ni kunguruma tu, alinguruma kwa adabu kubwa. Flute, mtengenezaji wa mivukuto anayelazimika kuwa msichana Thisbe, alianza kwa sauti nyembamba ya kuchekesha, lakini alipofika penye maiti ya Pyramus, aliyejiua kwa kudhani kwamba mpenzi wake ameliwa, aliiacha sauti hiyo akazungumza kwa sauti yake mwenyewe. Shakespeare hakuwaandikia Hermia na Helena hata neno moja katika sehemu hiyo ya mwisho, wakati wanaume wao wakifanya masihara. Mwongozaji aliwaketisha juu ya mto mmoja, na Thisbe alipoanguka, Hermia alinyoosha mkono akaushika wa Helena.