Kupanga upya mkataba au kumwacha mchezaji: njia mbili chini ya kikomo cha mishahara cha NFL

Mwaka 2024 kila timu ya NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, iliwekewa kikomo cha mishahara (jumla inayoruhusiwa kuhesabiwa kwa wachezaji wake wote kwa mwaka) cha dola milioni 255.4, na timu inayokaribia kukivuka huwa na njia mbili kuu za kujinasua.

Njia ya kwanza ni kugeuza mshahara kuwa bonasi, ambayo mchezaji hulipwa mara moja lakini katika hesabu za kikomo husambazwa kwa muda usiozidi miaka 5. Mchezaji wa mshahara wa dola milioni 20 kwa mwaka akigeuziwa milioni 15 kwenye mkataba wenye miaka 5 iliyobaki, mwaka huo huhesabiwa milioni 8 tu, yaani 5 za mshahara na 3 za bonasi. Mchezaji hapotezi chochote, ndiyo maana ni nadra kukataa. Deni ndilo linalosogezwa mbele.

Njia ya pili, kumwacha mchezaji, hufuta mshahara usiodhaminiwa, ila bonasi zote ambazo hazijahesabiwa huiangukia timu kwa pamoja, isipokuwa akiachwa kwa utaratibu wa baada ya Juni 1, unaozigawa katika miaka miwili. Timu ya Denver ilipomwacha mchezaji wake Russell Wilson mwaka 2024, ilibeba takriban dola milioni 85 kwa miaka miwili kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuondoka.

Kwa maoni yangu, njia ya kwanza inamfaa kijana kama Patrick Mahomes, ambaye timu yake ya Kansas City imempangia upya mkataba zaidi ya mara moja. Kwa mkongwe anayechoka, ni afadhali maumivu ya mapema.