Programu ya stoo niliyoandikiwa na akili mnemba: uzoefu wangu

Gereji yetu iko Unga Limited, Arusha, na kazi kubwa ni Land Cruiser za watalii. Gari ikishapigwa na vumbi na mashimo ya kutoka geti la Lodoare kule Ngorongoro hadi geti la Naabi la Serengeti, inarudi inadai bushi, shokapu na springi. Vyote hivyo vilikuwa vinatoka stoo kwa daftari moja lililolowa oili, lenye miandiko ya mafundi saba. Mimi ndiye mhasibu. Kila mwisho wa mwezi nilihesabu spea kwenye shelfu, na hesabu haikuwahi kukubali hata siku moja.

Kijana wa programu alitutajia milioni tatu na nusu. Mzee, mwenye gereji, alicheka tu, akanirudishia karatasi. Ndipo nikalipia akili mnemba, moja ya hizi za dola 20 kwa mwezi, nikaielezea stoo yetu kwa Kiswahili kama ninavyomwelekeza karani mgeni. Ikaniandikia msimbo wa Apps Script, unaokaa ndani ya Google Sheets, yaani majedwali ya Google ya mtandaoni: fundi anafungua fomu kwenye simu, anachagua spea na namba ya gari, idadi inapungua yenyewe. Hakuna seva ya kulipia. Jioni mbili tu, mafundi wakaanza kuitumia.

Wiki ya pili Mzee akasoma ripoti, akamwita mlinzi.

"Stoo yangu inafunguliwa saa nane usiku, na wewe upo getini?"

"Mzee, funguo si unalala nazo wewe?"

Kumbe fomu ilikuwa na kisanduku cha saa, ambacho wala sikukiomba. Fundi akichukua filta saa mbili asubuhi anaandika 2, na mashine inaelewa 02:00. Nusu ya spea zetu zilionekana zimetoka watu wakiwa wamelala. Nilikifuta kisanduku, muda ukawa unajiandika wenyewe. Mlinzi bado hajanisamehe vizuri.

Hilo lilikuwa dogo. Lililonitoa jasho ni filta za oili: kwenye shelfu zipo mbili, programu inasema tatu. Nikaiambia akili mnemba irekebishe hesabu. Ikaomba radhi kwa adabu zote, halafu ikaongeza mstari unaopunguza moja zaidi! Kesho yake filta zikawa sawa, bushi zikaharibika. Nikarudia, ikaandika upya fomu nzima na orodha ya namba za magari ikapotea. Nilikaa stoo siku nzima natazama, hadi nikaona mafundi wawili wanabonyeza kwa pamoja. Wote simu zao zilisoma nne, kila mmoja akatoa moja, wote wakaandika tatu. Nilipoieleza hivyo, neno kwa neno, ikaleta LockService, yaani kufuli: wa pili anasubiri wa kwanza amalize. Mistari mitano hivi, tatizo likaisha. Kumbe dawa ilikuwa nayo siku zote, ila mimi nilikuwa naiambia "hesabu imekosea", na kwa maneno hayo hata fundi wa kibinadamu angekisia.

Namba za simu nazo, jedwali lilizisoma kama hesabu zikapoteza sifuri ya mwanzo, nikageuza safu iwe ya maandishi. Basi.

Kama una kazi ndogo ambayo unaweza kwenda kuikagua kwa macho, kama sisi na shelfu yetu, jaribu. Mishahara na malipo ya wateja sijaigusisha na siigusishi, maana pale kosa huligundui kwa kuhesabu filta. Majina ya wageni na namba za pasipoti pia usiyamwage kwenye mazungumzo na akili mnemba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na mimi nilipokuwa naijaribu programu nilitumia "Mteja A" na "Mteja B".

Na hili wengi hawalijui: mwezi wa tatu niliacha kulipia, na programu inaendelea vilevile, kwa sababu msimbo uko kwenye akaunti yetu ya Google. Nitalipia tena siku nikitaka kubadilisha kitu.

Umeme ukikatika ruta inazima, na fundi asiye na bando anarudi kwenye daftari. Nimelifunga kwa kamba kwenye meza ya stoo, pamoja na peni.