Bafu ndani ya basi la kuishi: kipi ununue, kipi ukiache hadwea

Anayegeuza basi kuukuu kuwa nyumba, awe Nakuru au Kisumu, huingia hadwea akiwa na picha moja tu kichwani: shawa ya umeme, ile instanti inayoning'inia bafuni karibu kila ploti mjini. Hiyo ndiyo ya kwanza kufuta. Instanti ya wati 5,500 ukiitaka iendeshwe na betri za volti 24 kupitia inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), itavuta ampea 230 hivi, mzigo ambao betri za kawaida za gari hazikuundwa kuubeba. Hata ukiegesha penye stima, mwili wa basi ni chuma kilichokalia matairi ya mpira. Waya ukichubuka na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) isiwepo, basi zima linashika umeme kimyakimya, na anayepigwa ni yule aliye chini anayekanyaga udongo huku akishika mlango.

Vifaa hapa chini vimepangwa kwa kuangalia mambo matatu: kama vitahimili matuta, uzito wake, na kama spea yake utaipata ukiharibikiwa Kericho au Bungoma siku ya Jumapili. Bei inafuata baadaye, kwa sababu kifaa rahisi kinachovuja juu ya sakafu ya chuma hukugharimu sakafu.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni

Lala chini ya basi na tochi. Tafuta mahali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ambapo tundu la inchi 2 la kutolea maji ya bafu litapita bila kugusa chesi, propela shafti, paipu za hewa za breki wala nyaya. Upande wa ekzosi usahau, maana paipu ya plastiki ikikaa karibu nayo hulegea na kuinama. Nyuma ya ekseli ya nyuma nako si pazuri, kwani ndiko basi hurushwa zaidi kila linapovuka tuta. Mahali utakapopata ndipo bafu litakapokaa, hata kama ulilichora pengine.

Kisha pima kimo. Sinia ya bafu (beseni bapa la kusimamia) pamoja na trapu yake (paipu iliyopinda inayoshika maji ili kuzuia harufu) hula sentimita 8 hadi 10 za urefu wa ndani, isipokuwa trapu ishuke chini ya sakafu. Mtu wa futi sita ndani ya basi la viti 33 ataoga ameinamisha shingo kama hesabu hii haikufanywa mapema.

Maji ya moto: kwanza hadi mwisho

*Nambari 1: hita ya gesi ya lita 6 kwa dakika.* Kwa Nakuru, Eldoret na Kericho, ambako usiku una baridi ya kweli, hakuna kinachoishinda. Kutoa lita 4 kwa dakika na kuyapandisha maji kutoka nyuzi 18 hadi 40 kunahitaji kilowati 6 hivi. Kuoga kwa dakika tano hula gramu 50 za gesi, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unatosha kuogea zaidi ya mara mia moja. Huwashwa kwa mawe mawili makubwa ya redio, bila kugusa betri za basi.

Masharti yake hayana mjadala. Hita haikai ndani ya chumba cha kuogea, na wala haikai mahali mnapolala bila chimni inayotoka nje. Moto uliokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Pazuri zaidi ni nje kabisa, ndani ya buti la mizigo lililotobolewa hewa, au kwenye ukuta wa nyuma chini ya kifuniko cha bati. Mtungi nao uwe kwenye sanduku lake lenye matundu chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka. Nunua regyuleta ya mtungi wa kilo 6 kwa jina; ile ya kilo 13 haiingii, na kichwa cha meko hakifai kabisa kwa sababu hakishushi presha.

Jambo moja ambalo muuzaji hatakuambia: Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na ukipanda Timboroa unapita mita 2,700. Hewa huko ni nyepesi, kwa hiyo hita hutoa joto pungufu kuliko lililoandikwa kwenye boksi. Ukiona moto wa manjano badala ya buluu, zima, kagua matundu ya hewa, punguza gesi. Usiendelee kuoga eti maji bado ni ya moto.

*Nambari 2, na nambari 1 kwa Kisumu, Homa Bay na Busia: paipu nyeusi juu ya paa.* Paipu ya PVC ya inchi 4 yenye urefu wa mita 6, ikipakwa rangi nyeusi na kufungwa kwenye keria, hubeba lita 45 hadi 50 za maji. Jua la Kisumu la saa nane mchana litayafanya yahitaji kuchanganywa na maji baridi. Kosa linalorudiwa ni kununua paipu ya kijivu ya maji machafu kisha kuiunganisha na pampu. Paipu hiyo haikutengenezwa kwa presha. Viungo vyake vitafunguka, na mara nyingi vitafunguka usiku. Ama ununue PVC yenye alama ya presha, ama uiachie tundu la hewa juu na uyaache maji yashuke yenyewe. Ukichagua la pili, jua kwamba kila mita moja ya kimo inakupa presha ya ba 0.1 tu, kwa hiyo tafuta kichwa cha shawa chenye matundu makubwa. Ukisafiri mbali, imwage kwanza, maana kilo 50 juu ya paa si mzaha kwenye kona.

*Nambari 3: joto la injini.* Maji ya rejeta hufika nyuzi 80 na zaidi. Yakipitishwa kwenye koili ndani ya tangi la lita 20 lililofunikwa vizuri, saa moja ya safari inawapa maji ya moto hadi jioni bila gharama. Ni kizuri kwa wanaosafiri kila siku. Kimeshuka hadi hapa kwa sababu kila kiungo unachoongeza kwenye maji ya injini ni mahali papya pa kuvuja, na injini itakayokosa maji kwenye mlima wa Timboroa itakugharimu kuliko bafu zima. Lazima pia pawe na valvu ya kuchanganya, la sivyo mtu ataungua.

*Nambari 4: tangi la umeme la lita 10 au 15, wati 1,500.* Kwa basi lililoegeshwa kabisa penye stima, lenye ethi iliyozikwa ardhini na swichi inayokata umeme ukivuja. Nje ya hapo, ni uzito wa bure.

Na sufuria? Haina aibu. Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Lita 3 za hayo ukizichanganya na lita 8 za baridi zenye nyuzi 18 unapata lita 11 za nyuzi 39. Kipampu cha kuzama cha volti 12 ndani ya ndoo, mpira na kichwa cha shawa: kwa mtu mmoja asiye na pesa za hita, hii inashinda nambari 3 na 4.

Pampu

Ya kwanza ni pampu ya diaframu ya lita 11 kwa dakika, presha ya psi 40 hadi 55, yenye swichi inayojizima ukifunga mfereji. Shurflo na Seaflo ndizo zinazojulikana. Mabasi mengi ya huku yana umeme wa volti 24, kwa hiyo omba pampu ya volti 24. Ukikosa, nunua ya 12 pamoja na kigeuzi cha 24 kwenda 12 cha ampea 15. Kuna mafundi wa umeme wa magari ambao watachomoa volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya mbili. Wakatalie. Betri hiyo huishiwa huku mwenzake akijazwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote mbili zimekufa. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba au zaidi, fyuzi ya ampea 10 ikae karibu na betri.

Adui wa pampu hii ni mchanga. Chembe moja ikikwama kwenye vivalvu vyake, pampu huzunguka bila kuvuta, na watu huinunua upya wakati ilihitaji kuoshwa tu. Weka chujio la wavu kabla ya pampu, hasa kama mnajaza maji ya ziwa au ya mto. Ongeza kitangi kidogo cha presha cha lita 1 au 2 baada yake: bila hicho, pampu huwaka na kuzima kwa kudunda, na hita ya gesi huzimika katikati ya sabuni.

Ya pili ni pampu ya nyumbani ya nusu hospawa kupitia inveta. Inafanya kazi, lakini inakula umeme mwingi na kelele zake majirani watazisikia. Tangi juu ya paa bila pampu ni ya tatu. Presha yake haitoshi kuiwasha hita.

Paipu

PPR, paipu ya plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa, ya milimita 20, alama PN20, inashinda. Haina nyuzi (thredi) za kulegea, na spea zake zipo kila mji. Kwa bafu na sinki moja, nunua mita 12, elbo 10, tii 4, adapta 4 zenye nyuzi za shaba, valvu 3 za kufungia na mipira 4 ya kunyumbuka ya sentimita 45. Mashine ya kuchomea ukodi kwa fundi: joto la nyuzi 260, sekunde 5 za kuyeyusha, unganisha ndani ya sekunde 4, kisha usiguse kwa dakika 2. Anayeyeyusha kwa sekunde 10 "ili ishike sawasawa" huziba tundu ndani, kisha hulaumu pampu.

PPR ni ngumu, na basi hujipinda. Kwa hiyo usiiunganishe moja kwa moja na pampu, tangi wala hita. Mwisho wa kila mstari uwe mpira wa kunyumbuka. Shika paipu kwa klipu kila sentimita 40, na kila inapopita kwenye chuma ivalishe mpira.

PEX, paipu ya plastiki laini, ni nzuri zaidi kwa kunyumbuka, ila ununue na viungo vya akiba. PVC ya gundi hupasuka kwa mtikisiko na haipendi maji ya moto. Chuma kizito chenye nyuzi, waachie wanaojenga nyumba zisizotembea.

Tangi, sakafu na maji machafu

Watu wawili wanaooga lita 10 kila mmoja, wakapika na kuosha vyombo, hutumia lita 40 kwa siku. Lita 150 zinatosha siku tatu na ushee, nazo ni kilo 150. Bora ni tangi la stenlisi la kuchomelewa na mafundi wa jua kali, lenye vibao viwili ndani vya kuvunja mawimbi. La pili ni pipa mbili za buluu za plastiki zilizobeba chakula, si kemikali, zilizofungwa kwa mikanda ya rachet. Tangi jeusi la duara la kusimama usililaze. Ubavu wake haukuundwa kubeba uzito. Lile kubwa la lita 1,000 lenye fremu ya chuma ni tani nzima: liache.

Maji ya kisima ya sehemu za Nakuru yana floraidi nyingi. Kuoga hayana neno, lakini ya kunywa yawekwe kwenye mtungi wake kutoka kwingine, na kuchemsha hakuiondoi.

Sakafu ya bafu: sinia ya faibaglasi ya kipande kimoja, sentimita 70 kwa 80, inamo la sentimita 2 kwa kila mita. Taili zitapasuka kwenye mistari yake safari ya kwanza. Ukutani, mbao za PVC za dari zikigandishwa kwa gundi ya mpira ya aina ya Sikaflex, kwa kuwa silikoni ya kawaida huachia mahali panapocheza. Kingo za kila tundu ulilokata kwenye chuma zipakwe redioksaidi, rangi ya kuzuia kutu, kabla ya kitu kingine.

Trapu ya kawaida humwaga maji yake njiani na harufu ikapanda. Weka valvu ya inchi 1½ chini ya sinia, uifunge kila mnapoondoka. Chini yake, tangi la maji machafu la lita 60 hadi 80, lenye mdomo wa kutolea hewa. Msiyamwage barabarani, na karibu na Ziwa Nakuru hasa msithubutu: ziwa hilo halina njia ya kutoka, kinachoingia kinabaki.

Mkimaliza, fungeni mifereji yote, washeni pampu hadi ijizime, msubiri nusu saa. Ikinguruma yenyewe hata mara moja, kuna kiungo kinachovuja. Kipateni kabla ya kufunga mbao za ukuta, kisha rudieni jaribio baada ya kilomita 50 za barabara yenye matuta.