Kifurushi cha kupasha joto sakafu ya watoto wa nguruwe: bomba zuri, hesabu pungufu

Kifurushi hiki kinachouzwa kwa wafugaji wa Dodoma kina roli ya mita 50 ya bomba la plastiki la PEX la milimita 16, pampu ndogo, kidhibiti joto na karatasi ya hesabu. Bomba na pampu ni vya kuaminika kabisa. Jamvi la zege la mita 6 kwa 1, bomba likipangwa ndani yake kila sentimita 15, linakula mita 40 hivi. Zinazobaki zinafika kwenye tangi la maji ya moto.

Karatasi ndiyo itakayokuponza. Imeandika wati 100 kwa mita ya mraba, yaani 600, basi. Watoto wachanga wanataka sakafu ya nyuzi 33, na usiku wa Julai, upepo wetu huu ukivuma, banda linashuka hadi 15. Tofauti ni 18. Zege lililo wazi hupoteza kwenda juu wati 10 hivi kwa kila nyuzi, kila mita ya mraba: 10 × 18 × 6 ni wati 1,080. Kingo za mita 14 hupoteza wati 1.25 hivi kwa kila mita, kila nyuzi: 14 × 1.25 × 18 ni 315. Jumla karibu 1,400!

Hizo 600 zinatosha ukiongeza vitu viwili visivyomo kwenye boksi. Kwanza kifuniko cha plaiwudi juu ya kona ya watoto: hewa ya chini yake ikibaki nyuzi 25, juu zinapotea 480 tu. Pili bodi za povu gumu za sentimita 5, chini ya jamvi na pembeni kote. Mafundi wengi huweka chini wakasahau pembeni; alfajiri ukigusa ukingo wa nje una uvuguvugu, joto lako linapasha udongo.

Tangi la sola la lita 200 wanalopendekeza ni dogo. Maji yakishuka kutoka nyuzi 60 hadi 40 yanatoa uniti (kWh) 4.6, wakati wati 600 kwa saa 12 ni uniti 7.2. Ukiwasha saa 12 jioni, saa 8 usiku limeisha. Watoto wanamkimbilia mama, anawalalia. Chukua la lita 300 kwenda juu.

Kabla ya kumwaga zege, jaza bomba maji, lipime kwa presha ya ba 6 kwa saa 24, kisha liache na presha hiyo wakati wa kumwaga. Koleo likilitoboa, geji ya presha inashuka hapo hapo na unaziba zege likiwa bichi. Usipitishe maji ya moto kabla ya siku 28, jamvi litapasuka.