Bustani ya Nane Nane: Ruvuma au Lukuledi?

Kwa bustani ya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, kipande cha mita 4 kwa 5 viwanja vya Ngongo, Lindi, nimelinganisha mito miwili: upi niuige?

Ruvuma ni mchanga kwanza, maji baadaye. Mwezi wa nane, mto huu unaotutenga na Msumbiji hugawanyika vijito vyembamba vinavyozunguka visiwa vya mchanga, matete yakisimama pembeni. Hilo linajengeka: mfereji wa kina cha kiganja uliotandikwa turubai, mchanga wa mto, mashina ya matete yaliyong'olewa na mizizi yake. Weka gogo moja kavu limelala mshazari, kama lilivyobwagwa na mafuriko ya masika. Hapo usiongeze maua. Nafasi tupu ndiyo Ruvuma yenyewe.

Lukuledi unapendeza zaidi mdomoni, unapoingia ghuba ya Lindi kati ya mikoko. Mizizi ile iliyojipinda kama matao ingemsimamisha kila mpita njia. Lakini mikoko hutaka tope na maji ya chumvichumvi, kuikata bila kibali ni kosa, na miche ya kitaluni bado haina matao hayo.

Mimi nachukua Ruvuma. Lukuledi ningeutengenezea bustani ya kudumu, palepale maji yanapokupwa na kujaa.