Nakala ya Delacroix kwenye turubai: fundi hodari, faili kuukuu

Duka hili la fremu liko uchochoroni, Mji wa Kale, na ukiagiza nakala ya mchoro "Uhuru Ukiwaongoza Watu" utapewa kazi safi ya mkono. Tatizo liko kwenye faili wanayochapia.

Tazama gauni la yule mwanamke mwenye bendera. Hapa ni la manjano tupu, utadhani limechovywa kwenye bizari. Mchoro wenyewe, alioutia rangi Eugène Delacroix mwaka 1830, ulikuwa umefunikwa na matabaka ya vanishi iliyoiva manjano. Jumba la makumbusho la Louvre, Paris, liliibandua, na mchoro ukarudi ukutani Mei 2024. Kumbe gauni ni la kijivu cheupe lenye miguso ya dhahabu! Moshi nao ukarudia weupe wake. Kwa hiyo dai picha iliyopigwa baada ya usafi huo, na ukiona manjano kwenye skrini ya muuzaji, usitangulize pesa.

Kipimo cha asili ni sm 260 kwa 325, yaani 4 kwa 5, kwa hiyo sm 80 kwa 100 huingia bila kukatwa. Wao hupenda kukusukumia 60 kwa 90, maana fremu zake ziko tayari. Hapo zinapotea sm 12 za kimo: ama bendera juu, ama maiti chini. Na yule maiti wa kushoto si wa kukatwa. Hana suruali, na mguuni kabaki na soksi moja. Kwa 80 kwa 100 faili iwe na pikseli kama 5,900 kwa 4,700. Ikipungua sana, minara ya kanisa la Notre-Dame upande wa kulia huwa donge, na kile kibendera juu yake hukioni.

Kukunja turubai kwenye fremu wamekunja vizuri: sm 5 za ziada kila upande, kona zimelala. Ila fremu ya ndani haina kabari za kona, vile vipande vidogo vya mbao vya kukazia turubai. Kusi ikivuma na unyevu wake, turubai hulegea, na bila kabari huna pa kuikazia ila kung'oa pini zote. Ziagize mapema.

Kwenye ukuta wa mawe na chokaa, bandika vipande vya raba nyuma ya kona za chini hewa ipite. Kioo wanachokupigia debe kikatae: hunasa unyevu ndani, na ukungu huonekana kwanza kwenye ule moshi mweupe.