TAHADHARI: "Chipu ya nguvu" ya pikapu inayouzwa Malindi ni utapeli

Wenye pikapu wa Malindi, Watamu, Mambrui na Gongoni, pamoja na nyinyi mnaopeleka mizigo Garsen na Mokowe: kuna muuzaji anayezunguka kwenye maegesho na gereji akiuza kifurushi cha kuongeza nguvu ya injini kwa bei ya kutupa. Kifurushi chenyewe ni kijisanduku cha kuchomeka chini ya usukani, feni ndogo anayoiita "turbo ya umeme", halafu "kufungua pampu" bure. Msimpe pesa. Na hata kama pesa mnazo za kupoteza, msimwachie aguse injini, kwa sababu hilo la bure ndilo linaloua gari.

Kijisanduku kwanza. Kinachomekwa kwenye soketi ya OBD, ile yenye pini 16 ambayo fundi hutumia kusoma makosa ya gari. Pini ya 16 huleta umeme wa betri, ya 4 na ya 5 ni hasi. Kompyuta ya gari huzungumza kupitia pini ya 6 na ya 14, au ya 7 kwa magari ya zamani kidogo. Ukifungua vijisanduku vya aina hii utakuta taa tatu, kitufe, na chipu moja ndogo ya kuzimulikisha taa hizo. Hakuna kinachotuma ujumbe wowote kwa kompyuta. Taa zinawaka kwa sababu betri ina umeme, basi. Akikwambia "endesha kilomita 200 kwanza ili kijifunze," elewa kwamba kilomita hizo 200 anazihitaji yeye, aondoke.

Halafu kuna jambo ambalo lingetosha kumfichua papo hapo. Hilux za injini ya 2L, 3L na 5L, na Isuzu TFR za 4JA1, zina pampu ya dizeli ya kimakenika. Kipimo cha dizeli hakiendeshwi na kompyuta kwenye injini hizo, kwa hiyo hata chipu ya kweli isingepata kitu cha kubadilisha. Bado anawauzia wenye magari hayo.

Sasa, mbona watu wanasema gari lilivuta vizuri walipolijaribu? Hapo ndipo pampu inapoingia. Nyuma ya pampu, upande zinakotokea zile bomba nne za kwenda kwenye nozo (zinazopulizia dizeli ndani ya injini), kuna skrubu ya kipimo cha dizeli yenye nati ya kuifunga, na mara nyingi ina lakiri ya kiwandani. Anailegeza nati, anaikaza skrubu robo mzunguko au zaidi, na dizeli inaongezeka. Injini ikiwa imetulia itaanza kunguruma juu kuliko kawaida, kwa hiyo anashusha skrubu ya mwendo wa kutulia ili usigundue. Mkijaribu gari tupu kwenye lami ya kwenda Watamu, mtasikia tofauti.

Ila hewa haikuongezeka. Injini ya dizeli isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), ukikanyaga mafuta hadi mwisho, tayari iko karibu na kiwango cha dizeli ambacho hewa yake inaweza kuunguza. Inayozidi inatoka moshi mweusi, na joto la egzosi linapanda. Pakia mzigo, shika barabara ya kuelekea Sala Gate juani, na hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inaanza kupasuka katikati ya valvu. Dizeli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini: chomoa kijiti cha kupimia oili, ukikuta kiwango kimepanda na oili inanuka dizeli, usiendelee kuendesha.

Kwa pikapu za Toyota D-4D na Isuzu D-Max, ambazo dizeli yake huongozwa na kompyuta, anabadilisha mbinu: anaunganisha rezista (kipande kidogo cha kupunguza umeme) kwenye waya wa sensa ya presha ya dizeli. Kompyuta inadanganywa kwamba presha iko chini, inaipandisha. Mfumo huo tayari unafanya kazi kwa zaidi ya bar 1,000. Zinazoumia ni injekta, yaani nozo za injini hizo, na bei ya injekta nne hakuna asiyeijua.

Feni nayo ni hesabu tu. Injini ya lita 2.5 kwa mizunguko 4,000 kwa dakika hunyonya karibu lita 5,000 za hewa kila dakika. Feni ya ampea 5 kwenye volti 12 ni wati 60, na turbo halisi hutumia maelfu ya wati kutoka kwenye moshi wa egzosi. Injini ikivuta kwa nguvu, feni inakuwa kizuizi, na bawa la plastiki likikatika linaelekea ndani.

Kama ameshagusa gari lako, angalia nati ya ile skrubu: alama mpya za spana, rangi iliyobanduka au lakiri iliyokatika. Usiirudishe kwa kukisia. Pampu ipelekwe ipimwe kwenye mashine, na oili yenye dizeli imwagwe. Kwenye D-4D fuata waya wa sensa ya presha hadi mwisho na utoe chochote kilichopachikwa.

Nguvu ya bei nafuu ipo, lakini ni ile uliyokuwa nayo ikapotea. Mtu mmoja akanyage pedeli hadi chini, injini ikiwa imezimwa, wewe uangalie mkono wa pampu kama unafika mwisho; kebo iliyolegea huiba nguvu nyingi na kuikaza ni dakika kumi. Filta ya hewa, hasa kwa wanaopita vumbi la Marafa. Filta ya dizeli, na maji yaliyo chini yake yamwagwe. Inua magurudumu ya nyuma uone kama breki zinashika bila kukanyagwa. Nozo za Toyota hizo za zamani zipimwe zifungue karibu bar 150. Mwisho kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda: psi 400 na zaidi ni injini nzima, ikikaribia 300 hakuna kifaa kitakachoisaidia ila kuifungua. Na kama umeweka matairi makubwa kwa asilimia 10, umepoteza karibu kiasi hicho hicho cha mvuto.

Mwenye turbo anaweza kubadilishiwa programu kihalali. Fundi wa kweli husoma faili ya asili, hukuachia nakala, na hukuonyesha vipimo vya kabla na baada.

Mliokwisha kulipa, tunzeni ujumbe wa M-Pesa na kijisanduku chenyewe, mkachukue namba ya OB (kitabu cha matukio) kituo cha polisi. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kuuza kitu kwa maelezo ya uongo, na malalamiko kadhaa dhidi ya namba moja ya malipo yana uzito zaidi kuliko lalamiko moja.